Sindano ya Mafuta na Muhuri wa Kocha

Ile nyumba ya ghorofa iliyo Kiamunyi, yenye mabati mekundu na matangi mawili ya maji juu, ni yangu. Duka la dawa mjini Nakuru ni langu pia. Diploma ya ufamasia inayoning'inia nyuma ya kaunta niliisomea kwa akiba ya miaka saba ya kuosha vyoo na watoto wa wenyewe kule Ghuba, Uarabuni. Sikubebwa na mtu. Ila kuna mwanamume mmoja aliyenisukuma nikaenda huko, na ndiye ninayemwandika hapa.

Alikuwa kocha wetu wa riadha. Kambi yake ilikuwa upande wa Molo, vyumba sita vya mbao na choo kimoja. Kila Jumanne tulikimbia hadi Sachangwan na kurudi, naye akitufuata kwa pikipiki akipiga honi. Alikuwa mtu wa muhuri. Hata ruhusa ya kwenda kumzika nyanya yako aliiandika na kuipiga muhuri wa kambi, na muhuri wenyewe alitembea nao mfukoni, umefungwa kwa kitambaa. Alituambia karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia nyama.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naimba soprano kwenye kwaya ya kanisa, na mbioni kila mara namaliza wa nne au wa tano. Asubuhi moja baada ya mazoezi aliniita kwenye chumba kimoja, mkononi ana sindano.

"Msichana, utakimbia ukiangalia migongo ya wenzako mpaka lini?"

"Nitafanya nini, kocha?"

"Hii ni vitamini ya damu. Lala hapo."

Ilikuwa dawa ya mafuta, nzito, ya manjano. Iliingia polepole na kuniachia uvimbe uliouma siku mbili. Akarudia kila wiki. Kweli nilianza kushinda. Kisha hedhi ikakatika, nywele zikaota kidevuni, na Jumapili moja katikati ya wimbo sauti yangu ikapasuka, ikashuka, ikabaki huko chini. Kwaya nzima iligeuka kuniangalia. Muda mfupi baadaye mkojo wangu ukapimwa na nikafungiwa kukimbia miaka minne. Mbele ya wakubwa wa riadha kocha alitoa barua kusema alikuwa amenionya, na kwamba dawa nilijinunulia mwenyewe vichochoroni. Barua ilikuwa na muhuri. Mimi sikuwa hata na karatasi.

Maana ya jina la ile dawa niliielewa miaka mingi baadaye, niliporudi kutoka Ghuba, nikiwa darasani, mkubwa kuliko wanafunzi wote na wa kwanza katika kila mtihani. Nandroloni. Mwalimu alieleza kwamba wanasayansi waliichukua homoni ya kiume, wakaibadilisha kidogo kwenye maabara, ili iwasaidie wagonjwa: waliokonda mpaka wakabaki mifupa, wale ambao figo zao zimekufa na damu imepungua, wazee wenye mifupa inayovunjika ovyo. Dawa ya kumwinua mtu kitandani. Watu wa michezo walipoona inajenga misuli, wakaitoa kwa mgonjwa wakampa mzima. Halafu akasoma madhara yake kwa wanawake, akafika kwenye sauti.

"Sauti ikishashuka," akasema, "hata dawa ikiachwa, mara nyingi hairudi."

"Hairudi," nikamjibu kutoka nyuma. Akainua kichwa kutafuta ni kijana gani aliyesema.

Siku hiyo niliacha kulia, nikaanza kungoja.

Nilingoja mpaka mwaka jana. Simu ya duka ililia saa nne asubuhi.

"Niaje boss! Nimeambiwa uko na dawa za nguvu. Niko na wasichana watatu, mashindano yako karibu. Nataka nandroloni."

Nilimjua kabla hajamaliza salamu. Yeye hakunijua. Alidhani anaongea na mwanamume, na aliyenifanya nisikike hivyo ni yeye mwenyewe. Kichwa kilikuwa baridi. Nikimkatia simu, angeenda duka lingine, na wale watatu wangechomwa sindano kama mimi.

"Hiyo naagiza Nairobi, kocha," nikasema. "Lazima uniletee barua. Andika majina ya wasichana, dawa, na kipimo cha kila mmoja."

"Na ya daktari?"

Sheria inataka ya daktari, na mwenye diploma kama yangu haisahau sheria. Lakini nilimjua mtu wangu.

"Kambi iliyosajiliwa haina haja ya daktari. Bora tu barua iwe na muhuri."

"Muhuri!" Alicheka kwa raha. "Boss, hapo umefika kwa mwenyewe."

Alikuja kesho yake. Mimi siku hizi nimenenepa, nina miwani na kilemba. Yule msichana mwembamba wa zamani kocha hakumwona.

"Mathe, boss yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama, akaangua kicheko. "Wewe ndiye niliyeongea naye? Mathe, hiyo sauti ni ya askari wa trafiki! Ulizaliwa nayo?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Mtu fulani wa huko Molo."

Alicheka tena, akanipa barua. Majina matatu, vipimo vitatu, saini. Nikamwambia muhuri umefifia. Akatoa kile kitambaa mfukoni, akaupulizia pumzi, akaupiga tena kwenye kaunta yangu kwa nguvu, kama anaua nzi. Nikamwambia dawa itafika Alhamisi.

Alhamisi alipofika, wateja wawili walikuwa wakiniuliza habari ya dawa ya kikohozi. Mmoja alikuwa mpelelezi, mwingine mtu wa kupima wanariadha, na barua nilikuwa nimewapa tangu jana yake. Alipopokea boksi wakamshika mikono yote miwili. Ndani mlikuwa na pamba tu. Hapo nikavua miwani, nikamtajia mwaka, chumba, na kitanda alichonilaza kunichoma sindano. Niliona uso wake ukinikumbuka. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile cha mchana huo.

Amefungiwa ukocha maisha, na kesi ya mahakamani inaendelea. Msichana mmoja kati ya wale watatu alinipigia kunitukana, kwamba nimemharibia mashindano. Nilimwacha atukane. Alikuwa na sauti nyembamba, nzuri.

Mwezi uliopita mke wa kocha alikuja Kiamunyi na akina mama watano wa kanisa, wote na vitambaa vyao vya kichwa, wamebeba sukari na unga. Niliwakaribisha sebuleni, nikawapa chai ya maziwa na mandazi.

"Mama," mkewe akasema, "ukiwaambia mahakamani kwamba umemsamehe, watampunguzia. Ni mzee sasa, ana presha."

"Atumie dawa ya presha," nikasema. "Dukani kwangu iko, naye nitamuuzia kwa risiti."

Kiongozi wao akasema basi tuombe. Tukasimama. Waliombea nyumba yangu, biashara yangu, afya yangu, nami nikaitikia amina kila mara, kwa unyenyekevu. Walipofika kwenye msamaha nilinyamaza, nikafumbua macho, nikawaangalia mpaka wakamaliza. Kisha nikawarudishia sukari yao na unga wao, nikawasindikiza hadi getini.