Jogoo wa Direkta

Enzi zile za Zaire, mwaka mzima nilizunguka kikazi, nikala samaki wa migebuka kule Kabimba na sombe, yaani kisamvu, kule Nyunzu, lakini kilichozidi vyote ni kuku wa Kirungu. Direkta wangu alinituma nimletee Kalemie jogoo kutoka kwa baba yake huko Kirungu. Jogoo huyo nilimfunga kwa kamba nyuma ya nyumba ya wageni nilikolala. Mama mupishi wa hapo akaniuliza, "Papa, nipike kuku?" Nikadhani ni kuku wake, nikakubali. Nilikula mpaka nikalamba vidole. Asubuhi nilikuta kamba tupu, ndipo nikaelewa nimekula nini.

Kalemie nilimwambia direkta kwamba jogoo alikufa njiani. Akiwa bado ananipa pole, dereva wetu, aliyekuwa ametoka Kirungu, aliingia biro, yaani ofisini mwa direkta, na kifurushi.

"Papa," akaniambia, "Mama mupishi wa Kirungu anasema ulisahau paja moja ya jogoo yako."