Shina la Mgomba Kando ya Chania

Miaka ile ya hamsini, fundi wa mashine ya mkonge katika shamba nililofanyia kazi, kati ya Ruiru na Thika, alikuwa Mzungu asiye na nchi. Pua yake ilifika kazini robo saa kabla yake. Mimi ndiye niliyeipaka mashine grisi, na mchana kutwa nilimsikiliza.

Akikaza nati alinisimulia mji wao kando ya mto Danubi: mtaa mmoja wa Waserbia, Wahungari, Wajerumani na Wayahudi, kila mmoja akimtukana jirani kwa lugha ya jirani, halafu wote wanakula mkate wa tanuri moja. Wakati wa baridi mto uligeuka jiwe, mikokoteni ikavuka juu yake. Nikamwambia hata mimi ni mwongo, lakini nina mipaka.

Kisha vita vikaja. Wayahudi wakachukuliwa, baadaye Wajerumani wakafukuzwa, na mwanawe wa pekee akaonekana mara ya mwisho akishuka mtoni. Hakuna mwili, hakuna habari. Kwao huwachemshia wafu ngano yenye sukari, na kila mwaka fundi alishindwa kumchemshia kijana wake. Hakujua amlilie au amngoje.

Nikalipeleka jambo hilo kwa nyapara, mzee wa kwetu magharibi. Akasema kwetu mtu akipotelea mbali tunazika shina la mgomba badala yake, ili walio hai walie wamalize. Fundi alipoambiwa, aliizima mashine, akafuta mikono. Halafu akakubali.

Jumapili baada ya kanisa tukachimba kaburi karibu na mto Chania, kina cha kumzika tembo amesimama. Shina likavikwa shuka, nyapara akaomba, likashushwa. Fundi akachota udongo, lakini mkono ukabaki hewani.

"Mzee, hili litachipuka?"

"Halina mzizi, Bwana Fundi. Ndiyo maana tunalizika."

Akafungua kiganja, udongo ukaanguka nje ya shimo. "Basi nipeni lenye mzizi."

"Hilo si la kuzika," nyapara akamwambia polepole. "Hilo ni la kupanda."

"Najua, mzee."

Hatukuwa na sala ya namna hiyo. Nyapara akalitoa shina, akakunja shuka, nami nikalifukia shimo tupu. Fundi alisimama kando akiutazama mto, kama mtu aliyeombwa asubiri kidogo.