Nyungu Yangu Ilivyogeuka Mali ya Watu wa Kale

Nyinyi vijana mlioenda shule mkajua kila kitu, nawaandikia aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mama zenu, ambao najua wataongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, pale Thika, kwenye ile nyumba kuukuu ya mawe kando ya mto Chania. Ilikuwa inakarabatiwa, na mimi ndiye niliyewapikia mafundi githeri, mahindi na maharagwe. Kati ya vibarua alikuwemo Njoroge, mume wa binti yangu (na mnajua heshima ya mkwe kwetu, huyo hata kucheka mbele yangu hachekangi). Sasa serikali ilikuwa imesema hakuna jembe kugusa chini bila mtaalamu wa mambo ya kale kuwepo, basi akaletwa Wafula, kijana wa miwani, kazi yake kusimama kwenye mtaro waliokuwa wakiuchimba vibarua, akitazama udongo. Alisomea hiyo, miaka minne.

Jumamosi jioni nyungu yangu ikapasuka. Shimo la taka lilikuwa mbali, mtaro ulikuwa hapa, na kwetu shimo lililo wazi ni la majivu, hilo halihitaji digrii. Wafula alikuwa ameshaenda kwake Ruiru, basi nikamwaga majivu, mifupa ya mbuzi na vigae vya nyungu, nikafukia, nikakanyaga vizuri kama mtu msafi.

Jumapili mvua ikanyesha kutwa. Jumatatu Wafula akateremka mtaroni, nikamsikia akipiga kelele kama aliyeumwa na nyoka: "Simamisheni kazi! Hapa palikuwa na meko ya watu wa kale!" Akazungusha kamba, akatoa kibrashi kama cha kung'arishia viatu, vibarua wakaambiwa waende nyumbani mpaka wakubwa waje kutoka Nairobi. Njoroge akaondoka kichwa chini, na huko nyumbani ana mtoto mchanga.

Ningesema hapo hapo. Nilinyamaza, kwa sababu mimi nina akili nyingi.

Alhamisi wakubwa wakaja na suti zao, vibarua nao wakaja kusikia hatima yao. Wafula akaniita kama bibi yake, "Shosho, hebu waeleze wageni wazee wetu walipikaje." Nami nikaeleza! Nilisimama juu ya takataka zangu nikahutubia, wageni wakiandika. Mmoja akasema, "Hii ni muhimu sana. Kazi ifungwe miezi mitatu."

Nikamtazama Njoroge. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Miezi mitatu ya nini?" nikauliza. "Hiyo nyungu ni yangu. Ilipasuka Jumamosi."

Wafula akatabasamu kwa huruma. "Shosho, hii ni ya miaka mingi sana."

"Chimba kidogo hapo, mwanangu, utapata pakiti ya unga niliyoitupa pamoja nayo."

Akachimba na kibrashi chake, akaipata, jina la kampuni likisomeka vizuri. Mkwe wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Mathe wa Kale!" kibarua mmoja akapaza sauti, na jina hilo la mama wa kale likanifuata mpaka sokoni. Lakini mchana huo huo majembe yalirudi kazini.

Jioni nikawakusanya watu wa nyumba yangu wote, nikawaambia: "Kuanzia leo majivu yatabebwa mpaka kwenye migomba, hata mvua ikinyesha. Na mtu wa hapa akiona shimo ambalo hakulichimba, apite."