Nyapara wa Pareto

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa wazima wote wawili, mke wangu, Mama Micah, alipika chai, akaniambia sweta nimeivaa kinyume. Nikamwambia ng'ombe hawajali. Akacheka. Kesho yake mwili ulimkataa, na hakupona.

Wajukuu wananiuliza nyanya yao alikuwa mtu wa aina gani. Mimi si mtu wa maneno. Nitasema jambo moja, la mwaka wa hamsini na saba.

Tulikuwa kwa mzungu, shamba la pareto juu ya Molo. Mimi nilikuwa natia kuni kwenye jiko la kukaushia maua. Yeye, Jepkosgei, alikuwa nyapara wa wanawake wachumaji. Kwa kazi hakuwa mpole. Kikapu chenye vijiti ndani ya maua alikuwa anakimwaga chini mbele ya watu, hata cha dada yake alikimwaga. Lakini kila alfajiri alipita laini yote tuliyokaa sisi wafanyakazi, nyumba kwa nyumba, akisalimu. Mwenye shida, alimjua kabla jua halijatoka.

Siku moja mzungu alimwita mapema akapange trei za kukaushia. Salamu ikakosekana. Mchana nikaona maua ya trei moja yanatoa mvuke na kuwa meusi. Yalikuwa yamechumwa yakiwa bado na umande. Pareto ikiingia na maji, inaoza na kuharibu nyingine.

Yalikuwa ya Achola, mjane kutoka upande wa Kisumu. Mtoto wake alikuwa na homa, kwa hivyo alianza kuchuma alfajiri ili arudi kwake haraka. Mzungu akasema kesho jioni asimwone kwenye laini.

Jepkosgei alimkaripia sawasawa. Kisha akamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningekuambia saa ngapi, mama?" Achola akajibu. "Leo hukupita mlangoni kwangu."

Mke wangu akaenda kwa mzungu. Hakuficha kitu. Alisema kosa ni la Achola na lake pia, akaomba siku moja. Trei zote zikijaa maua makavu, Achola abaki. Zisipojaa, atufukuze sote. Sote, yaani na mimi na watoto. Hakuniuliza. Nilipomwuliza tutakwenda wapi, aliniambia nikapasue kuni.

Kulipokucha mzungu alikuwa amesimama shambani na saa yake mkononi. Mama Micah akaanza mlango wa kwanza, akashuka laini polepole. Mzungu akapiga kelele. Hakugeuka. Kwa Achola aliingia ndani, akamwambia akae na mtoto mpaka homa ishuke. Wenzake wakagawana mistari yake. Mmoja wao, Truphosa, alisema yeye angekataa, ila anaogopa kikapu chake kumwagwa. Wakacheka, wakaingia shambani.

Jioni trei zilikuwa zimejaa. Mzungu akapita akishikashika maua, hakuona jeusi. Akasema basi, Achola akae. Lakini jambo la asubuhi lilikuwa bado linamkera. Akamwuliza mke wangu kwa nini alipoteza asubuhi nzima kwenye milango ya watu.

Nilikuwa hapo, na kuni mkononi. Alimjibu hivi:

"Bwana, asubuhi maua yalikuwa na umande. Nilipokuwa nangoja yakauke, nikawauliza watu wameamkaje."