Engine ya boti haina moto na fundi ni mimi: siku zangu nne kwa dam ya Isinya

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, huku vumbi inaingia mpaka kwa chai.

Hii imenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ningekuwa wa kuongeza, ningejiongezea akili kidogo, maana kwa hii story sina.

Najua mtacheka mkisikia boti. Huku mito mingi tunavuka na viatu kavu. Lakini mashamba ya maua Isinya yako na dam, na dam ya kwetu humea majani ya maji. Majani yakifika kwa mdomo wa bomba, pump inavuta hewa na maua yanalala.

Kwa hivyo kuna kaboti kadogo na outboard engine ya zamani, ile ya kufungwa nyuma ya boti, two-stroke, ya ile miaka ya points, vile vyuma viwili vidogo vya kuleta moto, chini ya flywheel. Mzee Kariuki ndiye huiendesha, anavuta majani na reki mpaka ukingoni. Ameifanya hiyo kazi miaka kumi na kitu.

Mimi niliingia hapo kama fundi wa pump, probation ya miezi mitatu. Kwa CV nilikuwa nimeandika "marine engines". Wakuu, maji mengi niliyokuwa nimewahi kukaa karibu nayo ni ya tenki ya landlord. Nilijiuliza, nani ataniuliza mambo ya meli huku Kajiado?

Monday asubuhi Mzee Kariuki akavuta kamba, engine kimya.

Madam Nyokabi, manager wetu, akanigeukia na furaha. "Si wewe ni mtu wa marine?"

Nikasema ndio. Hata nikakunja mikono ya shati.

Tukaitoa kwa boti, tukaifunga kwa stendi ya mbao nje ya pump house. Mzee Kariuki akaniambia pole pole, "Fundi, hii ikikaa siku mbili tatu, zile points hushika kutu. Mimi hupiga msasa kidogo tu."

Nikamwambia, "Mzee, wacha kwanza tufanye diagnosis." Hilo neno nilikuwa nimelitoa YouTube dakika kumi mapema, nikiwa chooni.

Lakini haki itendeke, msasa nilipiga. Kuna kadirisha kwa flywheel, lile gurudumu zito linalozungushwa na kamba, nikapitishia hapo, nikasugua points, nikapanguza na karatasi. Kisha nikatoa plug, nikairudisha kwa kofia yake ya waya, nikaegemeza chuma yake kwa engine mahali hakuna rangi, nikavuta kamba. Moto ukiwa uko, unaona kacheche ka buluu kwa ncha ya plug.

Sikuona kitu. Plug ya pili pia, hakuna, kwa hivyo sikuona haja ya kuzirudisha nijaribu kuwasha. Ilikuwa saa sita mchana, jua iko juu ya kichwa, jasho inaingia macho.

Tuesday Madam akataka report.

Ningeandika "sijui", wakuu. Neno moja tu. Lakini mtu wa marine atasemaje hajui? Nikaandika kwa Kingereza safi kwamba coil, ile inayopeleka umeme kwa plug, imeungua kwa sababu operator aliacha maji ikaingia ndani ya engine. Sikuwa nimeona hata tone. Nilitaka tu shida iwe na mwenyewe, na huyo mwenyewe asiwe mimi.

Kabla ya lunch Mzee Kariuki akaambiwa aende nyumbani mpaka aitwe. Akachukua koti na flask yake, na akipita pale nilipokuwa akanisalimia vizuri. Hakujua ni mimi. Niliona aibu, lakini nikajipa moyo kwamba engine ikishika atarudi.

Wednesday coil mpya ikaletwa kutoka Nairobi. Nikafunga, nikapima saa saba mchana, hakuna. Nikabadilisha condenser, hakuna. Nikachomoa ile waya ya kuzima engine, nikidhani ndiyo inakula moto. Hakuna.

Majani nayo hayangoji fundi. Thursday pump moja ikaanza kukohoa, na maua ya greenhouse mbili yakaanza kuinama. Supervisors walikuwa wananipita bila salamu.

Siku hiyo tulikuwa wawili tu pale, mimi na Lemayian, askari wa dam, mtu wa rika yangu, shuka nyekundu juu ya uniform. Tangu Monday alikuwa anakaa kwa kivuli akinitazama kama sinema ya bure. Nikamwomba anivutie kamba ndio mimi nisongeze macho kwa plug.

"Vuta!"

Akavuta.

"Hakuna moto. Vuta tena, na nguvu!"

Akavuta na nguvu zake zote. Kidole changu kikateleza, kikagusa mahali ile kofia ya plug imepasuka.

Woi! Niliruka, nikaangusha spana, nikaita mama yangu. Mkono ulikufa ganzi mpaka begani. Na nikiwa bado chini napuliza kidole, wakuu naapa, nikasema tena, "Si unaona? Hakuna moto."

Lemayian akaniangalia kwanza, akaangalia engine.

"Fundi, kama hakuna moto, ni nini imekuuma?"

Nikaangalia kidole, nikaangalia plug.

Akatoa shuka yake, akatufunika wote wawili pamoja na engine. Ndani giza, harufu ya moshi na mbuzi. Akavuta kamba. Tak, tak, tak. Cheche za buluu, nene, zinafuatana vizuri kabisa.

Ilikuwa jua, wakuu! Hiyo jua yenye hata screen ya simu huoni, ndiyo mimi natafutia cheche siku nne.

Nikafunga ile coil ya zamani, tukaingia tena chini ya shuka. Tak, tak, tak. Moto ule ule. Kumbe coil ilikuwa nzima, na maji haikuwahi kuingia. Engine ilipona Monday kwa ule msasa wa Mzee Kariuki, na tangu hapo nilikuwa natibu mtu hana ugonjwa.

Lemayian alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, mpaka nikakumbuka report.

Sasa nisiwadanganye. Coil mpya ilikuwa mkononi. Ningeifunga tena, niseme ndiyo imeponya, na hakuna mtu angejua. Nilisimama nayo muda mrefu sana kwa mtu mwenye dhamiri. Lemayian naye, bila nia yoyote, akauliza, "Sasa mzee anarudi lini?"

Nikaenda kwa ofisi, nikamwambia Madam yote.

"Kwa hivyo ilipona Monday," akasema.

"Ndio, Madam."

"Na mzee nilimtoa Tuesday."

"Ndio."

"Kwa karatasi yako."

Akasukuma simu upande wangu wa meza. "Mpigie wewe."

Friday asubuhi Mzee Kariuki akafika, engine tukiwa tumeirudisha kwa boti. Akavuta kamba mara mbili, engine ikashika, akaingia majini, akafanya kazi mpaka saa sita bila kuniongelesha. Kisha akanifuata pump house.

"Nimesikia kuna karatasi. Nisomee, na uniwekee kwa Kiswahili."

Nikasoma. Nilipofika kwa operator nikasema "mwendeshaji".

"Huyo mwendeshaji ni mimi?"

"Ni wewe, mzee. Nisamehe."

Akanichukulia karatasi mkononi, akaikunja mara mbili. Ningependa angenitukana.

"Andika ingine," akasema.

Nikaandika akiwa amesimama nyuma yangu: engine ilikuwa na kutu kwa points, coil ilikuwa nzima, maji haikuingia, fundi alidanganya, mwendeshaji hakuwa na makosa. Akaweka kidole kwa hiyo laini ya mwisho.

"Hapa toa mwendeshaji. Weka majina yangu yote matatu."

Wakuu, ilibidi nimuulize. Hayo mengine mawili sikuwa nayajua.

Bado niko kazini. Probation imeongezwa, na asubuhi mimi ndiye hubeba reki ya Mzee Kariuki.

Nilichopata hapo ni hiki: moto wa plug pimia kwa kivuli, na kama hujui, sema hujui kabla hujashika kalamu.

Haya, nirushieni mawe, nimezoea. Mafundi wa outboard wa ukweli mnisahihishe. Na kama kuna mtu humu aliwahi kufanywa "operator" kwa karatasi ya mtu mwingine, atuambie ilimfikisha wapi.