Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Walimwita Mzee Gonga kwa sababu ya kazi yake. Miaka arobaini alikuwa fundi mwashi, na hakuna ukuta aliopita bila kuugonga kwa mpini wa mwiko. Ukuta mkavu hulia ko. Wenye maji hulia du, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Shule hakwenda. Lakini ukuta akiusikia mara moja tu, umeshamwambia yote.

Tangu mkewe afariki, bintiye hakumpa nafasi ya kupumua. Binti alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikwenda kasi kama sindano.

"Baba, uza hapo. Na sisi tuuze kwetu. Tununue nyumba moja tukae wote. Utaongea na sufuria mpaka lini?"

"Sufuria halinijibu vibaya," mzee alisema. Lakini alikubali.

Walitafuta mpaka zikabaki nyumba mbili. Moja mji wa chini, moja mji wa juu. Miji hiyo imepakana, katikati imepita reli. Chini kuna hospitali kubwa, soko na shule. Juu kuna hewa nzuri na mitaa mipana, ila mgonjwa wa juu ni lazima avuke reli ndipo afike hospitali. Na pale kwenye reli kuna geti. Likishuka, limeshuka. Hata ulie.

Mkewe alifia hapo. Walikuwa wanatoka kwao, upande wa juu, ndani ya teksi, kichwa chake kwenye mapaja ya mzee. Treni ya mizigo ilikuwa inapita. Mabehewa hayakuisha. Geti lilipopanda, mzee alikuwa ameshaacha kumpepea.

Habari hiyo hakupenda kuisimulia.

Kwa hiyo siku walipokwenda kuona nyumba ya chini, moyo wake ulikuwa umeshahamia. Jumatano hiyo alikwenda na binti, na mjukuu wake wa miaka sita, msichana mwenye pumu, ambaye pampu yake ya dawa hutembea naye kama pochi. Dalali alitangulia akifungua milango na kuisifu hata vitasa. Rangi ilikuwa mpya. Mzee aligonga sebule, ko. Aligonga jikoni, ko.

Wakaingia chumba cha mtoto. Kabati kubwa lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma. Pembeni ya kabati, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, rangi iling'aa kuliko kwingine. Ilikuwa imerudiwa mara mbili, labda tatu. Mwashi gani asiyejua kuwa rangi ya hivyo huficha maji?

Mkono ulinyanyuka na mwiko. Ukasita. Mzee akaurudisha mwiko mfukoni.

"Vipi, baba?"

"Kavu."

"Basi yameisha," binti akamwambia dalali. "Huyu akisema kavu, ni kavu."

Dalali alitaka jibu Jumamosi kabla ya saa sita. Alikuwa na mteja mwingine, au alisema anaye.

Alhamisi chakula kilimshinda mzee. Ijumaa alishinda kwa bintiye, na mtoto akaanza kukohoa, kile kikohozi chake kifupi cha kukwaruza. Mzee alihesabu kila alipokohoa. Mtoto hakuwa na habari, alikuwa anachora chumba chake kipya.

"Babu, kitanda changu kitakaa hapa. Lile kabati tutalitoa."

"Weka dirishani, mchumba."

"Dirishani kuna jua. Nataka hapa hapa ukutani."

Mzee akaomba maji ya kunywa. Hakuyanywa.

Jumamosi asubuhi alikwenda peke yake nyumba ya chini. Mama mwenye nyumba alimfungulia, kanga mabegani, macho yamejaa mashaka.

"Mzee, dalali hajaniambia mnakuja."

"Hajui. Naomba tusogeze lile kabati, mama."

"Umesahau kitu?"

"Ndiyo. Nilisahau kugonga."

Walilisukuma wote wawili. Nyuma yake hapakuwa na rangi kabisa. Aliyepaka rangi alikuwa amelizunguka kabati. Plasta ilikuwa imevimba na kutoa chumvi nyeupe. Mzee alibonyeza kwa kidole, kikazama mpaka kwenye kucha. Aligonga mara moja. Du.

Mama akaangalia chini. "Fundi aliniambia rangi itatosha."

"Ningekuwa mimi, ningekwambia hivyo hivyo," mzee akasema. Na alikuwa ameshawaambia wengi.

Alitoka akakaa kwenye ngazi. Kwenye simu yake, namba ya bintiye ilikuwa kitufe cha moja. Alikishika muda mrefu kabla ya kukibonyeza.

"Baba, uko wapi? Dalali ameshanipigia mara mbili!"

"Usimjibu. Chumba cha mtoto kina maji."

"Maji gani tena? Si ulisema kavu?"

"Sikugonga."

Cherehani ilikuwa inasikika kwenye simu. Ikanyamaza.

"Hukugonga?"

"Niliona. Nikanyamaza."

"Kwa nini, baba?"

Alitaka kumweleza habari ya geti. Yakatoka maneno mawili tu.

"Mama yako," alisema.

Mzee akadhani hilo litatosha. Wapi.

"Mtoto wangu angelala humo, baba. Na kifua kile."

"Ndiyo."

"Na ile ya juu? Ile nayo uliigonga, au ulisema tu?"

"Niliigonga yote. Ni kavu. Ni nzima kuliko hii."

"Nitajuaje?"

Miaka arobaini, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Jioni walikuwa nyumba ya juu. Binti hakumsubiri dalali amalize sifa zake. Alisogeza meza, akavuta vitanda, akainama chini ya sinki.

"Gonga hapa."

Ko.

"Na hapa."

Ko. Binti naye aliweka sikio ukutani, kila chumba, kama mtu asiyemwamini hata daktari. Mzee alimfuata akigonga alipoamriwa. Kilibaki chumba kidogo cha mbele.

"Hiki chako?" binti aliuliza. Sauti ilikuwa imeanza kulegea.

"Changu. Kiko mlangoni. Siku ya kunitoa, hamtahangaika na kona."

"Baba!"

"Nasema tu."

"Usiseme tu."

"Mimi nitakubeba, babu," mjukuu akadakia.

"Kwa mikono gani, mchumba? Hiyo ya njiti za kiberiti?"

Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Wote wawili wakamgeukia. Kikohozi kilipita.

Binti akamwita dalali pembeni. "Tunachukua hii," mzee alimsikia akisema. Hakusubiri mengine. Alisimama pale ambapo kitanda chake kingekaa, akatembea mpaka nje barabarani, mahali teksi ingesimama. Hatua kumi na nane. Alirudi chumbani akaanza upya, safari hii polepole, mikono mbele, hatua fupi za mtu aliyembeba mgonjwa. Zikawa thelathini na moja.

Binti alimwona kupitia dirisha. Mzee aligeuka, akarudi ndani kuhesabu tena.