Uzi Ndani ya Mabomba Matupu

Pale idarani walimwita Bi Uzi, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Ndani ya mkoba wake, pamoja na koleo, bisibisi na daftari lililolegea jalada, hakikosekani kibunda cha uzi wa nailoni. Kazi yake ni kupanga mitandao ya kompyuta mashuleni: waya upite wapi, swichi ya kugawia mtandao ikae chumba gani, darasa lipi liunganishwe kwanza. Na kila shule anayoipanga, huwaomba waashi wafukie ukutani bomba moja zaidi kwa kila darasa. Bomba tupu, lisilo na kitu ndani yake ila uzi uliolala humo toka mwanzo hadi mwisho.

"Tupu kwa ajili ya nini?" watu humuuliza.

"Kwa ajili ya kitu ambacho mimi na wewe bado hatujakijua," hujibu, kisha huinamia daftari lake kama mtu aliyesema mengi mno.

Akili hiyo hakuipata chuoni. Aliipata sakafuni, kando ya cherehani ya mama yake, aliyekuwa fundi nguo. Sketi za shule zilipolegea mpira, zililetwa kwake kwa mafungu, na binti ndiye aliyepewa kazi ya kubadilisha mipira. Mama alikuwa mkali katika jambo moja tu.

"We mwana! Usiuchomoe huo wa zamani kabla hujaufunga mpya mkiani. Ukiuchomoa hivi hivi, utakaa hapa na pini mpaka uote mvi."

Aliuchomoa mara moja tu. Hakurudia.

Miaka tisa iliyopita alitumwa kwenye shule moja ya madarasa kumi iliyokuwa ikikarabatiwa. Mpango ulikuwa kuweka mtandao katika chumba cha kompyuta peke yake. Yeye akalivalia njuga suala la mabomba matupu, kutoka chumba hicho hadi kila darasa. Aliyeyafukia alikuwa mwashi mmoja mtu mzima, mwenye mikono kama sepeto na ulimi usiolala.

"Nimejenga maisha yangu yote," mwashi alisema huku akichimba ukuta, "nimezika mawe, nimezika nondo, hata kiatu changu nilishakizika. Leo ndiyo kwanza natumwa kuzika hewa!"

Mafundi wenzake walivunjika mbavu. Bi Uzi akacheka kidogo, uso umepata joto, akaendelea kupitisha uzi.

Sasa ilikuwa imekuja barua. Shule hiyo hiyo ingepewa kompyuta za madarasa yote kumi, kwa sharti kwamba kila darasa liwe limeunganishwa kabla ya muhula kufunguliwa. Zilibaki siku kumi na mbili. Kampuni moja iliyokuja kutazama ilisema kuta zitavunjwa, na kazi itachukua miezi miwili. Hapo ndipo mtu idarani alipomkumbuka Bi Uzi na hewa yake.

Mwalimu mkuu, mtu mrefu aliyehamia shuleni hapo mwaka uliopita, alimpokea na rundo la funguo mkononi. Walianzia chumba cha kompyuta. Nyuma ya kabati la swichi, midomo kumi ya mabomba ilikuwa bado imepangana, na mikia kumi ya uzi inaning'inia, imejaa vumbi. Bi Uzi aliigusa kwa kidole, asiivute. Kama ncha za upande wa pili zimelegea, kuvuta kungekuwa kuchomoa.

"Na huko madarasani inatokea wapi?" mwalimu mkuu aliuliza.

Hilo ndilo lililokuwa swali. Kuta za madarasa zilikuwa laini kama yai. Pale alipoacha vifuniko vidogo vya plastiki, sasa palikuwa na plasta na rangi. Alifungua daftari la wakati ule, akasoma mwandiko wake mwenyewe: *Kushoto kwa mlango, hatua mbili. Kimo: kiwiko changu.* Ndivyo alivyozoea kupima, kwa kuwa kiwiko hakisahauliki nyumbani.

Alipiga hatua mbili, akakunja mkono, akagonga ukuta. Sauti nzito. Wakatoboa kidogo kwa patasi: tofali. Darasa la pili: tofali. La tatu hakuthubutu kulitoboa.

"Dada, una hakika ni shule hii?" mwalimu mkuu aliuliza. Hakuwa akimdhihaki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikwisha toa simu mfukoni. "Sitaki kuwapotezea muda wenzetu wanaozitoa kompyuta. Kama hatuwezi, bora nipige simu kompyuta ziende shule nyingine."

"Naomba dakika kumi, Mwalimu," alisema.

Alitaka kutoka nje apumue. Mlango ulikuwa umerudi wenyewe. Akanyoosha mkono kushika kitasa, mkono ukapita hewani. Kitasa kilikuwa chini, usawa wa paja.

Alisimama hapo hapo. Ni seremala gani anayeweka kitasa pajani? Akachuchumaa, akapapasa ukingo wa chini wa mlango. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno, mbao zimebaki na meno.

"Mwalimu, sakafu hii iliwahi kuinuliwa?"

"Ndiyo, nasikia. Maji yaliingia madarasani kabla sijaja. Wakamwaga zege jipya juu ya lile la zamani, ndipo wakaweka vigae."

"Kwa kiasi gani?"

"Hilo anajua fundi mwenyewe. Nyumba yake iko hapo nyuma."

Mwashi yule yule wa miaka tisa iliyopita alifika akitembea polepole, mgongo umeanza kupinda. Ulimi wake haukuwa umepinda hata kidogo.

"Kumbe ni yule mzika hewa!"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, imeoza?"

"Tumeipoteza. Sakafu uliipandisha kiasi gani?"

Mzee alitandaza kiganja chake ukutani, kidole gumba chini, kidole cha mwisho juu. "Shubiri kamili. Shubiri yangu, si yako."

Bi Uzi alikunja kiwiko, mzee akashusha shubiri chini yake, wakagonga. Ko, ko. Ukuta ukaitika kama debe.

Plasta ilipobanduka, mdomo wa bomba ulionekana, umezibwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Mzee alieleza kwamba wanafunzi walikuwa wakivunja vifuniko na kusokomeza kalamu humo, ndiyo maana mwalimu mkuu wa wakati huo akaamuru pazibwe kabisa.

"Na uzi, baba?" Bi Uzi aliuliza. "Uliukata?"

Kwa mara ya kwanza uso wa mzee haukuwa na mzaha.

"Nilikucheka, sikatai. Nilikucheka mpaka nikaenda kuhadithia nyumbani. Lakini kazi ya fundi mwenzangu niikate kwa sababu gani? Toa karatasi hiyo."

Aliitoa. Nyuma yake msumari mrefu ulikuwa umelazwa kukingama mdomo wa bomba, na uzi umefungwa juu yake mafundo matatu, usiweze kuteleza ndani. Madarasa yote kumi yalikuwa hivyo.

Mwalimu mkuu alirudisha simu mfukoni.

Kazi ilichukua siku tisa. Ukutani hapakutobolewa kitu zaidi ya matundu kumi ya ukubwa wa kisahani na yale mawili ya makosa. Katika darasa la mwisho mzee alikataa kukaa pembeni. Akauzungusha uzi kwenye kiganja chake na kuvuta mwenyewe, akihema, mpaka waya mpya uliofungwa mkiani ulipochungulia. Nyuma ya waya, umefungwa kwa fundo dogo, kulikuwa na uzi mwingine mpya.

"Huo tena wa nini?" mwalimu mkuu alishangaa. "Si kazi imekwisha?"

"Yetu imekwisha," Bi Uzi alisema. Safari hii hakuinamia daftari. "Huo ni wa atakayekuja."

"Mwacheni," mzee alisema akijifuta jasho. "Huyu hamtamweza."

Kabla ya kuondoka Bi Uzi alifuta neno *kiwiko* katika daftari, akaandika vipimo upya, kutoka juu ya fremu ya mlango kushuka chini. Sakafu imeshamfunza adabu.

Muhula ulipofunguliwa, kompyuta zilikuwa zimefika. Siku hiyo alimweleza mama yake kila kitu. Mama alisikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Na ulifunga mpya mkiani?"

"Nilifunga, Mama."

"Haya. Chakula kiko mezani."

Lakini kesho yake, Bi Uzi akiwa chumbani anavaa viatu, alisikia mteja anauliza habari za binti, na cherehani ikasimama.

"Shule nzima ile, madarasa kumi," mama alikuwa akisema, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, "mwanangu kaivuta kwa uzi!"